Bwana Mahesabu na Kulabu Iliyopaa

Mtu akiniambia kwamba kazi ya kukaa mbele ya kompyuta ni kazi nyepesi, huwa simjibu. Namtazama tu mpaka aone haya mwenyewe. Mimi nimekaa meza moja na Bwana Mahesabu. Nimemwona mwanamume mzima akiibembeleza kompyuta kama anayembembeleza mtoto mgonjwa ameze dawa, na kompyuta imefumba mdomo.

Jina lake tulilijua wote, ila hakuna aliyelitumia. Alikuwa mrefu, mwembamba, shati kalichomekea vizuri, na juu ya shati mkanda mpana wa mgongo kama mcheza mieleka. Kiwanda chetu kilikuwa kidogo, kikitengeneza vitanda vya hospitali, viti vya magurudumu na vitu vya namna hiyo. Kazi yangu mimi ni kuchora. Kazi yake ilikuwa kukokotoa kama nilichochora kitahimili au kitavunjika. Basi hebu fikiria mtu ambaye kutwa kazi yake ni kukwambia mtoto wako ana miguu dhaifu. Tuligombana kila siku, na nilimpenda kama ndugu yangu wa tumbo moja.

Mwaka huo tulikuwa tunatengeneza winchi ya kunyanyulia wagonjwa. Haina maajabu. Ina miguu yenye magurudumu, nguzo, na mkono unaopanda na kushuka. Mwisho wa mkono kuna pini nene, kwenye pini inaning'inia kulabu, na kwenye kulabu unafungwa mfuko wa turubai ambao mgonjwa anakaa ndani yake. Unapiga pampu, mgonjwa anapanda, unamsukuma polepole mpaka kwenye kiti. Mtu mmoja anatosha, hata kama mgongo wake ni mbovu.

Na mgongo mbovu ndio aliokuwa nao mwenzangu. Mama yake alipigwa na kiharusi, upande wote wa kushoto ukafa. Baba alishatangulia zamani, wakabaki wawili kwenye nyumba ambayo mama huyo aliijenga mwenyewe, chumba baada ya chumba. Mchana jirani mmoja mwenye huruma alimwangalia. Asubuhi na jioni ilikuwa zamu ya mtoto: kumtoa kitandani, kumpeleka bafuni, kumrudisha, kumgeuza. Mama hakuwa mtu mdogo, na mwili uliokufa nusu una uzito wa miili miwili. Mwisho pingili za mgongo wa Bwana Mahesabu zikasalimu amri. Siku hiyo alikuwa amemwinua, hajafika popote, mgongo ukakwama, wakaenda chini wote wawili. Wakalala sakafuni wakitazamana mpaka jirani alipokuja.

"Mama kaniuliza, sasa hapa nani amwokote nani?" alinisimulia huku akicheka. Nami nikacheka, kumbe macho yake yalikuwa yamejaa machozi.

Daktari alimwambia waziwazi: endelea kunyanyua hivyo, nawe utalala kitanda cha pili. Kaka yake mkubwa aliposikia, akapiga simu ofisini. Bwana Mahesabu alikuwa na tabia ya kuweka simu mezani ikiwa na sauti kubwa, kwa hiyo nilisikia kila neno, na hata angenong'ona ningesikia, mimi sina haya.

"Mdogo wangu, umejitahidi, Mungu anaona," alisema kaka. "Lakini sasa basi. Jumamosi nakuja na gari. Kuna nyumba ya kutunzia wazee jirani na kwangu, nimeshaongea nao."

"Mama hataki, kaka. Amesema hatoki mle ndani ila kwa jeneza."

"Na mgongo wako je, umeuuliza wenyewe unataka nini? Unataka niwazike wawili?"

"Kuna mashine kazini. Tuko mwishoni kabisa."

"Mashine, mashine. Tangu mwaka jana nasikia mashine." Kaka akavuta pumzi. Hakuwa mtu mbaya, tusimsingizie. "Haya. Jumamosi nikiikuta hiyo mashine chumbani kwa Mama, nitakunywa chai nigeuze gari. Nisipoikuta, naondoka naye."

Sasa sikiliza mambo yalivyofungana. Winchi ya mfano ilikuwa karakanani, imeshaunganishwa, imepakwa rangi nyeupe, inameta. Meneja alishamwambia, "Tia saini kwamba iko salama, halafu hiyo ya mfano mpelekee Mama. Bila saini haivuki geti hili." Na saini haikuweza kutiwa mpaka kompyuta ikubali. Na kompyuta ilikuwa haikubali, kwa sababu ya kulabu na pini.

Mwanzoni nilidhani ananitania. Kitu chenyewe ni kulabu imetundikwa kwenye pini! Hata nguo zangu nyumbani zimetundikwa hivyo. Akanivutia kiti.

"Kompyuta inakata chuma vipande vidogo vidogo," alisema. "Ndani ya kulabu, kila kipande kimeshikana na mwenzake. Ndani ya pini vilevile. Lakini kulabu na pini hazijuani. Mimi na wewe tunaona moja imekaa juu ya nyingine. Yenyewe inaona vitu viwili vilivyo mbalimbali, kila kimoja na lake."

"Si uiambie zinagusana?"

"Nimeiambia zikigusana zisipenyane, zisukumane. Tatizo hazijagusana bado. Wewe umechora kulabu imezunguka pini kama pete pana kidoleni, ina mwanya pande zote, upana wa unywele."

"Ala! Kila mchoraji duniani anachora hivyo!"

"Sijakulaumu, dada. Huko nje uzito wake wenyewe ungeishusha ikae. Humu ndani natundika mzigo, kulabu inatafuta pa kushika, haipati, inaanguka. Na haina sakafu ya kuangukia."

Akabonyeza, akanionyesha. Lo! Kulabu iliondoka kwenye pini kama vile pini haikuwepo kabisa, ikashuka, ikatoka kwenye kioo, ikaenda zake. Kisha maandishi mekundu: hakuna jibu. Sisi wa ofisini tulisema imepaa, ingawa ilikwenda chini. Wiki nzima ile ukipita mlangoni ulimsikia akisema peke yake, "Imepaa tena." Ikawa mzaha wa karakana. Mafundi walimwuliza, "Bwana Mahesabu, kulabu imefika wapi leo, mwezini?" Alikuwa akitabasamu kidogo kisha anarudi kwenye kioo, na mimi nilitamani kuwazaba makofi wote.

Meneja ndiye aliyekuja na dawa ya mkato. "Paka gundi," alisema. Gundi ni neno letu tu la mle ndani. Maana yake unaiambia kompyuta kwamba kulabu na pini zimeshikana moja kwa moja, kama chuma kimoja. Ni jambo la halali kabisa kwa vitu vilivyochomelewa. Bwana Mahesabu akapaka gundi, kwa sababu mfa maji haachi kutapatapa. Kufumba na kufumbua jibu likatoka, zuri, la buluu na kijani, hakuna wekundu wa hatari hata chembe. Meneja akapiga makofi akaagiza soda.

Mimi nilishafungua ya kwangu nilipomwona anarudi kwenye kioo. Akabadilisha kitu kimoja. Ule mzigo uliokuwa unavuta chini, akaugeuza ukawa unasukuma kulabu pembeni, kuelekea mwisho wa pini ambako kuna ukingo mdogo tu wa kuishikilia. Akabonyeza. Jibu likatoka tena, la buluu, zuri, na kulabu haikusogea hata kidogo.

"Umeona?" alimwambia meneja. "Hii haitoki kwa sababu nimeikataza kutoka. Siwezi kuikataza kisha nikaiuliza kama itatoka."

"Wewe unatafuta lawama hapo ambapo hakuna," alisema meneja. "Karakanani imenyanyua mifuko ya mchanga mara ngapi? Imewahi kutoka?"

"Haijatoka."

"Basi!"

Lakini hakutia saini. Jamani, nilimkasirikia! Nilimwambia, "Wewe kaka, una mama nyumbani. Kila mtu hapa anakupa njia, nawe unajifungia mlango." Alijaribu njia nyingine, akaifunga kulabu kwa springi dhaifu kila upande, springi za kwenye hesabu tu, ziishikilie isipae mpaka ipate kugusa pini. Ikakubali. Nikaruka kutoka kwenye kiti. Akaniambia nikae kwanza. Akaziuliza zile springi kila moja imebeba kiasi gani, maana zilitakiwa zisibebe kitu. Kumbe nusu ya uzito wa mgonjwa ilikuwa inaning'inia kwenye springi ambazo kwenye winchi ya kweli hazipo. Akazifuta zote. Siku hiyo alikwenda chooni akakaa muda mrefu, na aliporudi uso ulikuwa umelowa maji, nami nikajifanya nachora.

Alhamisi hakula kitu. Nilimwuliza nyumbani wameamkaje, nikijua jibu.

"Leo asubuhi nilimwinua," alisema.

"Umemwinua! Na daktari je?"

"Sasa nimwache alowe? Nimemwinua polepole. Huwa simvuti ghafla. Kwanza napitisha mkono chini yake, nasogeza, nasogeza, mpaka nihisi mkono umemshika sawasawa. Akishakaa kwenye mkono ndipo..." Mdomo ukabaki wazi.

Akageukia kompyuta bila kumaliza. Kile alichofanya alinieleza baadaye, na nitakisema kama nilivyokielewa. Hakutundika mzigo kwanza. Aliishika kulabu mwenyewe, akaiambia kompyuta iisogeze chini kidogo kidogo, kwa kipimo, mpaka ishike pini. Ikishika, iachie, na hapo ndipo mzigo uje. Hakuna gundi, hakuna springi. Tulikaa wote wawili tukitazama ule mstari unaotambaa kwenye kioo kuonyesha hesabu imefika wapi. Ukafika nusu. Ukavuka nusu. Kulabu ikakaa kwenye pini kama kulabu yoyote duniani, ikabeba mzigo, ikatulia. Nilipiga kigelegele mpaka mafundi wakaja mbio wakidhani kuna harusi. Meneja akaja na kalamu mkononi kabisa.

"Bado moja," alisema Bwana Mahesabu. Alikuwa anacheka, sijawahi kumwona akicheka vile. "Huu ni mzigo wa mfuko wa mchanga. Sasa namweka mtu."

Akamweka mtu kama mama yake. Mtu ambaye upande mmoja hauna nguvu, kwa hiyo akishtuka hawezi kujizuia, anaangukia upande huo mwili mzima. Hakuwa na haja ya kubuni, alikuwa akimshika kila siku na alijua anavyolala. Akabonyeza.

Kulabu ikainama. Ikaanza kuteleza juu ya pini, kidogo kidogo, kuelekea mwisho. Pale mwisho kuna ukingo mdogo nilioweka mimi ili uizuie. Ikaupanda. Ikatoka. Maandishi mekundu yakaja, na safari hii hayakuwa makosa ya kompyuta.

Akarudia na mzigo mdogo zaidi, ikatoka. Akaongeza msuguano, ikakawia kisha ikatoka. Mifuko ya mchanga haina upande uliokufa, jamani. Ndiyo maana karakanani haikuwahi kutoka.

Nilichora kifungo cha kuziba mwisho wa pini hapo hapo, mikono inakwenda yenyewe. Meneja akakitazama akatikisa kichwa. Pini na mkono ni chuma cha kumimina, kimoja. Kifungo kinataka kalibu mpya ya kumiminia chuma, na kalibu inatengenezwa kwa miezi. Kusema kweli hakufoka. Alirudisha kalamu mfukoni, akaenda kuwapigia simu wateja awaambie wasubiri. Maji yalikuwa yamezidi unga.

Nilimfuata Bwana Mahesabu karakanani. Alikuwa amesimama mbele ya ile winchi nyeupe.

"Ichukue," nilimwambia.

"Haijasainiwa."

"Tutaitoa. Mlinzi ni mtu wangu. Kaka yako anataka kuona mashine chumbani, mwonyeshe mashine chumbani. Mama atabaki kwake. Kulabu tutaifunga kwa kamba, au nitakuja mimi mwenyewe asubuhi na jioni niishike kwa mkono."

"Na siku usipokuja?"

"Nitakuja!"

"Siku usipokuja, dada, mimi nitamnyanyua. Najijua. Nitasema leo tu. Naye atashtuka, kwa sababu huwa anashtuka." Akaushika mkono wa winchi kama mtu anayempa mwenzake pole. "Nimemwona akianguka. Wewe umeona kulabu, mimi nimemwona Mama. Siwezi kwenda nyumbani nikajifanya sijaona."

Nikamwambia maneno mabaya. Nikamwambia anaipenda hesabu kuliko mzazi wake. Nilikuwa na hasira, na mdomo wangu mnaujua. Yeye alisema tu, "Haya," akaenda kuchukua begi lake.

Jumamosi nilikwenda, sikualikwa. Kaka mkubwa alishafika, gari limeegeshwa mbele ya baraza, mlango wa nyuma uko wazi. Alipita moja kwa moja hadi chumbani, akatazama huku na huku, akaona kitanda, kabati na kiti cha magurudumu. Hakusema "nilikwambia". Afadhali angesema.

Mama alikuwa amevishwa vizuri na jirani, kitambaa cha kichwa kimefungwa upya. Alimtazama mtoto wake mdogo.

"Mashine?" aliuliza, kwa ule ulimi wake uliopinda.

"Haifai, Mama."

"Nani kasema?"

"Mimi."

Mama akafumba macho. Machozi yakatoka upande mmoja tu. "Si uli...ahidi," alisema.

"Niliahidi, Mama. Nisamehe."

Kiti cha magurudumu kilifika mpaka barazani, kikagoma kwenye ngazi. Ikabidi kumbeba. Kaka alishika mabegani, mimi miguuni. Bwana Mahesabu tulimwambia akae pembeni na mgongo wake, tena kaka alimwambia kwa ukali. Akasimama kwenye ngazi ya chini, mikono imekunjwa kifuani kwa nguvu.

Tulikuwa katikati ya ngazi. Sijui ni nini, labda ni mlango wa gari uliogonga, labda ni woga wa kutoka tu. Mama alishtuka. Mwili wote ukaangukia kushoto, kwa mkupuo mmoja, kaka akabaki ameshika kitambaa cha nguo. Nilipiga kelele. Sikuwa nimejua kwamba mtu anaweza kuwa mzito ghafla namna ile.

Hakufika chini. Bwana Mahesabu alishapitisha mikono yote miwili chini yake, akampokea kifuani, na nikasikia sauti ikitoka mgongoni mwake, au kooni, sijui. Alisimama naye. Akapiga hatua mpaka garini, akamweka kwenye kiti, akamfunga mkanda, akamnyoosha kitambaa cha kichwa. Kaka mkubwa alikuwa amesimama kwenye ngazi na mikono mitupu. Alikuwa ameona sasa jinsi Mama anavyoanguka.

Halafu magoti ya Bwana Mahesabu yakakunjika, akashuka taratibu ubavuni mwa gari akakaa chini kwenye changarawe. Akajaribu kuinuka. Akajaribu tena. Miguu haikuwa na habari naye.

Juu, dirishani, Mama alikuwa anageuza kichwa. "Yuko wapi?" aliuliza. "Mwanangu yuko wapi?" Naye yuko pale pale chini yake, hawezi kunyanyuka hata amwonyeshe uso. Nikauchukua mkono wa Mama, ule mzima, nikautoa dirishani nikaushusha mpaka ukafika kichwani kwake. Akampapasa nywele.

"Mbona uko chini?" aliuliza.

"Nimedondosha kitu, Mama," alisema. "Nakitafuta."